UZI: Tristan Farnon si kichekesho cha Darrowby. Kichekesho ni kaka yake

Ndama Mkaidi:

Wakuu, heshima kwenu. Juzi kwenye uzi wa vitabu vya zamani kuna mtu aliandika kwamba Tristan ndiye mchekeshaji wa hadithi za James Herriot, yule daktari wa mifugo wa Yorkshire, na watu wote wakaitikia. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa kwenye daladala na chaji ilikuwa inakata. Sasa nimekaa, nimekipitia tena kitabu, na ninasema sikubali.

Kwa asiyewajua: James ni kijana aliyemaliza udaktari wa mifugo Glasgow, ajira hakuna, mfukoni hakuna, anapata nafasi ya msaidizi kwenye mji mdogo uitwao Darrowby, kaskazini mwa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1930. Bosi wake ni Siegfried Farnon. Siegfried ana mdogo wake, Tristan, anayesomea kazi hiyohiyo Edinburgh kwa mwendo wa kinyonga. Baba yao alikuwa mpenzi wa muziki wa Wagner, ndiyo wakabeba majina hayo. Nyumba ni moja, ndiyo kliniki, ndiyo ofisi, ndiyo bweni.

Sasa tazameni Tristan anavyoingia. Anatoka chuo, anajitupa kwenye kiti, anawasha sigara ya Woodbine, anavuta moshi mpaka tumboni kama mtu aliyekosa hewa wiki nzima. Kaka yake anauliza habari za mitihani. Kuna mtihani ana sapu, yaani ameufeli na lazima aurudie. Kwisha! Siegfried anawaka, anamwita mvivu, mlevi, mzigo, anamwambia afunge virago aondoke na asimwone tena. James, mgeni ndani ya nyumba, hajui aangalie wapi. Tristan amekaa tu. Anamsubiri kaka amalize, kama mtu anayesubiri mvua chini ya mwembe.

Asubuhi Siegfried anaamka na nyimbo, anampangia Tristan kazi za siku, na kufukuzwa kwa jana hakukumbuki kabisa.

Mnacheka nini hapo? Uvivu? Mvivu kila ukoo unaye. Mnamcheka aliyelipuka akasahau. Tristan analijua hilo tangu utotoni, ndiyo maana hata jivu la sigara halikudondoka.

Na Siegfried yuko hivyo kitabu kizima. Anamhubiria James ubanifu kwenye operesheni: uzi unakata mrefu mno, pamba unatumia kama unatengeneza godoro. Halafu anashika kazi mwenyewe, na vifaa vinavyoondoka hapo vingetosha wiki. Anakemea wenzake kwa kusahau vyombo mashambani wakati vyake ndivyo vimetapakaa wilaya nzima. Pesa za wateja anazitumbukiza kwenye kikombe kikubwa cha bia juu ya meko, noti zinafurika, akihitaji anachomoa bila kuhesabu. Kisha anamgeukia Tristan na kumuuliza kwa nini vitabu vya hesabu haviko sawa!

Kwa hiyo hoja yangu: mchekeshaji ni yule asiyejijua. Tristan anajijua mno. Karibuni mnipinge.

---

Mtetea wa Kilolo:

Kaka Ndama, nakupinga na nakaa paleee.

Wewe umemsoma, mimi nilimwona kwanza. Tamthilia ya BBC ilianza 1978, Tristan akachezwa na Peter Davison, kijana wa nywele za rangi ya majani makavu na uso wa mtoto aliyeiba sukari akafutwa mdomo vibaya. Mwambie mtu yeyote aliyeitazama akutajie kitu kimoja anachokikumbuka. Hatakutajia uzi wa operesheni. Atakutajia Tristan kaunta ya Drovers Arms, ile baa ya Darrowby, au Tristan kwenye simu akijifanya mkulima.

Hiyo ya simu ndiyo inakukanusha. Anampigia James na lafudhi nzito ya wafugaji wa milimani, anamzulia ugonjwa wa ajabu, anamsikiliza mwenzake anavyohangaika kwa adabu, halafu anaangua kicheko. Hiyo ni kazi ya mchekeshaji, kaka. Inahitaji sikio. Unajua ugumu wa kuiga lafudhi ya watu unaoishi nao bila kushtukiwa? Mimi nikijaribu kuongea kama Mchaga naambiwa nisiwatukane.

Na mzimu je? Umeuruka makusudi.

---

Ndama Mkaidi:

Sijauruka dada, nilijua utakuja nao.

---

Mtetea wa Kilolo:

Basi nausimulia mimi, kwa faida ya wengine. Kuna jumba la kale linaitwa Raynes Hall, na watu wanasema mtawa aliyekufa zamani anatembea hapo usiku. Tristan anajishonea joho, anajificha msituni kando ya barabara, gari likija na taa zake analivuka mbele polepole, kichwa kimeinama. Madereva wanapiga breki, wanarudi nyuma, mji mzima unaongea. Yeye asubuhi anasikiliza habari za mzimu huku anakunywa chai. Mpaka usiku mmoja akakutana na mtu ambaye badala ya kukimbia alimkimbiza. Akaishia kujikunyata kwenye mfereji wa maji ya baridi, akarudi anatetemeka na mafua juu.

Sasa niambie Siegfried alifanya nini cha kufikia hapo.

---

Chifu Kwaju:

Wakuu samahani naingilia. Mnagombania ndugu wawili wakati kichekesho cha kitabu kile kina manyoya. Mama Pumphrey na mbwa wake Tricki Woo! Mbwa wa Kipekinizi anayemwandikia daktari barua, anamwita "Mjomba Herriot", anamtumia vikapu vya vyakula vya kitajiri Krismasi. Watu wazima wawili, mama na daktari, wanaandikiana kupitia mbwa na hakuna anayecheka.

Ile sehemu mbwa kanenepa mpaka hawezi kutembea, James anamchukua kliniki. Tiba yake ni kunyimwa chakula siku mbili na kuachwa akimbizane na mbwa wenzake uani. Anapona. Lakini kule nyumbani mama hajui, anatuma mayai ya kumpa mgonjwa nguvu, ndipo inafuata mvinyo ya kujenga damu, ndipo inafuata brandi. Vijana wa Skeldale House, nyumba ya akina Farnon, wanafanyaje? Mayai asubuhi, mvinyo mchana, brandi usiku. Siku ya kumrudisha mbwa ilikuwa kama msiba.

---

Ndama Mkaidi:

Chifu umenitonesha, hiyo sehemu ya brandi naipenda kuliko nyingi. Lakini angalia: wanaokunywa ni wote watatu, bosi mbele. Mhubiri wa ubanifu! Unanisaidia mimi.

---

Mzee wa Josho:

Vijana, mimi nimekuwa bwana mifugo miaka 31, nimestaafu, kitabu hicho nilipewa na mwenzangu wa kazi tukiwa kituo cha mbali sana na barabara. Kilikuwa hakina jalada. Naomba niseme jambo moja kuhusu kazi yenyewe kwa sababu mnaongea kana kwamba ni vichekesho vya jukwaani.

Mnajua kizazi kutoka ni nini? Ng'ombe amezaa vizuri, ndama kasimama, mwenye ng'ombe anashangilia. Ng'ombe anaendelea kusukuma. Kizazi chote kinatoka nje, kinaning'inia nyuma mpaka magotini, chekundu, kizito kama gunia lililolowa. Kila dakika kinavimba zaidi. Ukichelewa, mnyama anakufa. Unatandika shuka safi, watu wawili wanakishika na shuka kama machela, unakiosha kwa maji ya vuguvugu, unakimwagia sukari. Ndiyo, sukari ya chai. Inavuta maji, uvimbe unapungua. Halafu unaanza kusukuma ndani, kwa ngumi iliyofumbwa, si kwa vidole, maana kidole kinatoboa. Unasukuma kiasi, ng'ombe anasukuma, kinarudi chote mikononi mwako. Saa nzima. Saa na nusu. Uko kifua wazi kwenye matope na baridi, mkono hauna hisia, na pembeni kuna jirani amekaa juu ya ndoo anakueleza bwana mifugo aliyepita alivyokuwa akifanya kwa dakika tano.

Huyo jirani yuko pia kwenye kitabu. Kinaanza naye, kwenye tukio la kuzalisha ng'ombe usiku: James amelala kifudifudi kwenye mawe, mkono mzima umo ndani ya ng'ombe, na mjomba wa mwenye shamba anamsifia daktari mwingine. Niliposoma pale nilifunga kitabu nikatoka nje nikacheka peke yangu, mke wangu akadhani nimepata habari mbaya.

Kwa hiyo ukirudi nyumbani hujafa, unamhitaji mtu kama Tristan. Hilo tu. Mtu ambaye atakutania kabla hujanawa. Sisi tulikuwa na dereva wa namna hiyo. Ukipoteza mnyama, unapanda gari kimya, yeye anaanza kukuigiza ulivyoteleza kwenye samadi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Unataka kumpiga. Mkifika mtoni mnacheka wote.

Kwetu tunaita mtani. Mtani wa kweli haji harusini tu, anakuja msibani, anajilaza kaburini na kusema hatoki mpaka alipwe. Kazi yake inajulikana na hakuna anayekasirika. Huyo Tristan ni mtani wa nyumba ile.

---

Ndama Mkaidi:

Mzee wangu shikamoo.

Nimekaa na hilo neno mtani tangu mchana. Nilichokuwa nakitafuta kwenye bandiko la kwanza ndicho hicho, nikakosa jina. Mtani naye anajijua. Anapima. Tristan hamtanii mkulima ambaye ng'ombe wake amekufa. Anamtania James, na anamtania Siegfried kwa kukaa kimya. Kwa hiyo nabaki na hoja yangu lakini naipunguza makali: kuna mchekeshaji na kuna mtani, na watu wanawachanganya.

---

Mzee wa Josho:

Marahaba mwanangu. Usiipunguze sana.

---

Binti wa Korogwe:

Salaam kutoka Leeds. Nasoma huku mwaka wa pili, na Thirsk, mji halisi ambao kwenye vitabu unaitwa Darrowby, si mbali, nilikwenda na mwenzangu siku ya mapumziko. Nyumba yenyewe ipo, namba 23 Kirkgate, sasa ni makumbusho tangu 1999. Ngazi nyembamba, jiko la zamani, chupa za dawa ukutani.

Niongeze yafuatayo kwa sababu naona wengi hamjui hawa walikuwa watu kweli. Mwandishi jina lake Alf Wight, alizaliwa 1916 Sunderland, akakulia Glasgow, akaanza kazi Thirsk 1940. Kwenye vitabu ameurudisha muda nyuma kidogo ili vita visiingie mapema. Enzi zile daktari wa mifugo kutumia jina lake kwenye kitabu ingehesabika ni kujitangaza, ni kosa kwenye taaluma yao, ndiyo akatafuta jina la kuazima. Alikuwa anaangalia mpira kwenye televisheni, golikipa wa Birmingham City anaitwa Jim Herriot, akalichukua. Kipa alidaka jina la daktari bila kujua!

Siegfried alikuwa Donald Sinclair. Tristan alikuwa mdogo wake, Brian Sinclair. Kilichonishangaza: Brian alizaliwa 1915. Alikuwa mkubwa kwa Alf kwa mwaka mmoja! Kwenye kitabu unamwona kama mtoto wa shule na James kama mtu mzima, kumbe "mtoto" ndiye kaka. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na cheti na mwingine alikuwa bado anakitafuta.

Na Brian hakuishia baa jamani. Alimaliza chuo hatimaye, akatumikia jeshini kwenye kikosi cha madaktari wa wanyama, India, halafu akaajiriwa wizara ya kilimo. Alifariki 1988. Inajulikana kwamba yeye alifurahia kuwa Tristan. Aliyenuna alikuwa Donald.

---

Ndama Mkaidi:

Rudia hapo dada. Nani aliyenuna?

---

Binti wa Korogwe:

Donald. Siegfried. Hakuona kama yuko hivyo.

---

Ndama Mkaidi:

Nimemaliza. Sina la kuongeza. Naomba wasimamizi waufunge uzi nikiwa naongoza.

---

Mtetea wa Kilolo:

Haufungwi! Hiyo inaonyesha Donald hakupenda kutaniwa, basi. Mtu anaweza kununa na bado asiwe mchekeshaji. Baba mkwe wangu yuko hivyo.

---

Chifu Kwaju:

Hivi ile tamthilia mpya mnaionaje? Iliyoanza 2020.

---

Mtetea wa Kilolo:

Chifu, hapo ndipo ninapopata uchungu. Callum Woodhouse anaigiza vizuri, simlaumu. Lakini wamempa Tristan kidonda. Siegfried anamficha kwamba amefeli mitihani, anamwacha atambe kwamba ni daktari kamili, siku ukweli unapotoka kijana anavunjika. Analia, unalia. Ni kazi nzuri ya kuigiza, ila yule wa Woodbine aliyekaa kimya akisubiri kelele zipite hayupo tena. Huyu anaumia. Baadaye anakwenda vitani, nyumba inapoa, wanamleta mwanafunzi mwingine, Carmody, msomi asiyejua kucheka, na ghafla unahisi pengo. Walipomrudisha Tristan msimu wa tano nilipiga kigelegele sebuleni.

---

Binti wa Korogwe:

Mimi nakipenda hicho kidonda. Aliyewahi kukaa na sapu anajua. Nyumbani wanakupigia simu, "mtoto wetu daktari", na wewe una karatasi ya matokeo chini ya godoro. Kitabu kinafanya sapu iwe mzaha kwa sababu anayesimulia alikuwa ameshafaulu.

---

Ndama Mkaidi:

Hilo la mwisho limenigusa. Anayesimulia ni James, mwenye cheti na mshahara. Tristan hatujamsikia akisimulia mwenyewe hata ukurasa mmoja. Hatujui usiku alikuwa anawaza nini kwenye hiyo Woodbine.

Lakini tusimwonee huruma mpaka tumharibu. Alikuwa fundi. Akiwa na pombe kichwani alijua hasa atoke mlango gani. Kaka yake akimpa kazi tatu, alijua ipi itasahauliwa kabla ya saa nne. Huo nao ni usomi, ingawa hautungiwi mtihani.

Mtetea, nakuuliza wewe kwa sababu jina lako linakupa mamlaka. Ile habari ya kuku. Siegfried anaamua nyumba ijilishe mayai yake, ananunua mitetea, anamkabidhi Tristan. Wiki zinapita, yai hakuna. Kuku wamegoma, wengine wanapanda mitini jioni, Tristan anawakimbiza gizani na kaka anamtazama dirishani. Kila asubuhi mezani ni kejeli. Mwisho Siegfried anachoka, kuku wanatolewa kwa mama mmoja jirani. Muda mfupi baadaye anakutana na yule mama, anamshukuru: kuku wazuri hao, mayai tele kila siku. Siegfried anarudi nyumbani kama moto wa nyika, Tristan anakula cha mtema kuni.

Swali la kitaalamu: Tristan alikosea wapi?

---

Mtetea wa Kilolo:

Hahaha sasa umekuja kwangu. Nina mia mbili na themanini bandani, naongea kwa risiti.

Mtetea anaanza kutaga akiwa na miezi mitano, mitano na nusu, wengine sita. Kabla ya hapo umpe hata pilau, hatagi. Ukimhamisha banda anasimama kidogo, anazoea, ndipo anaanza. Angalia upanga wa kichwani: ukiwa mdogo na umepauka, subiri. Ukiiva mwekundu na kuku anachuchumaa ukimgusa mgongoni, andaa kiota.

Walinunua kuku ambao hawajaanza. Wakawapa kelele na miti ya kulalia. Halafu wakawatoa wiki ambayo upanga ulikuwa unakaribia kuiva. Yule mama hakufanya chochote, aliwapokea tu kwa wakati.

---

Ndama Mkaidi:

Kwa hiyo mwenye kosa ni aliyewatoa.

---

Mtetea wa Kilolo:

Ndiyo.

---

Ndama Mkaidi:

Mwenye nyumba. Daktari wa mifugo mwenye cheti. Bwana Siegfried Farnon.

---

Mtetea wa Kilolo:

Nakuona unapoelekea na sikupi. Tristan naye alikuwa anasomea mifugo, angesema. Kwa nini hakusema?

---

Mzee wa Josho:

Mwanangu, labda alikuwa na sapu ya kuku.